Usilifunge Gari na Jasho Lake

Magesa mjukuu wangu,

Huku Kamunyonge tupo. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Neema wa jirani ndiye ananiandikia barua hii, aitume leo kwa simu.

Unauliza kama ulizungushie nailoni lile gari la zamani ulilonunua huko, lisipate unyevu melini. Tangu nisomewe swali lako situlii. Natoka nje, narudi ndani.

Ujanani nilikuwaga kuli bandarini Musoma. Siku moja dereva alileta gari la tajiri wake livuke ziwa. Kalikosha ndani na nje linang'aa, akatuambia tulivike nailoni tukaze kamba. Bibi yako, bado msichana, alikuwa anaanika dagaa pale pembeni. Akacheka.

"Wee kaka, unalifunga na jasho? Dagaa wa hivyo sisi tunamwaga."

Dereva akanuna, ila akafungua milango. Tulingoja viti vikauke, ndipo tukalifunika kwa shuka.

Na wewe likaushe kwanza, mpaka chini ya viti. Meli ikikuacha, ngoja nyingine.

Nataka linifikishe Butiama kwenye kaburi la bibi yako, bila kunuka ukungu. Shati la safari nimeshafua. Leo nimelianua mara mbili, bado bichi. Nimelirudisha kambani.

Babu yako