Wadudu wa Magugu Maji

Agness pokea simu!

Mama mkwe kaua wadudu wangu. WOTE.

Wale nilikuwaga nafuga kwenye mabeseni yenye magugu maji, ndiyo chakula chao. Kesho tulikuwa tunawaachia ziwani pale Murangi, mitumbwi imenasa wiki ya tatu hii.

Nimetoka sokoni namkuta na bomba mgongoni, anapuliza dawa ya wadudu wa pamba. Kaja nayo toka Bunda!

Eti, "Mwanangu, majani yako yalikuwa yanaliwa, nimeyaokoa."

Yaani NIMEYAOKOA. Na mimi kwa uoga nikasema asante mama. Asante, Agness!!

Wavuvi wananipigia, wanataka kujua kesho tukutane saa ngapi. Sipokei.

Na hajamaliza. Kapenda maua ya hayo magugu. Saa hizi anafunga miche kwenye kitenge, anasema anaenda kuipanda kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe kwao.