Mstari wa Kuhesabia Tu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta una nafuu, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Huku tu wazima wa mwili. Ila tangu tumzike dada, simu ikilia naikimbilia, kisha nakumbuka.

Watu wengi hukosea jambo moja: wakisikia manispaa yao imehamishiwa kanda nyingine ya takwimu, hudhani wamehamishwa wao. Niliifanya kazi hiyo ya kupanga kanda mpaka nikastaafu, hivyo nivumilie nikueleze. Manispaa nyingi ni ndogo mno kulinganishwa mojamoja, kwa hiyo nchi huzikusanya katika makundi, na mara nyingi huangalia watu wa kila manispaa wanakwenda kazini wapi. Kiwanda cha magunia kilipofungwa, wenzenu wakaanza kufuata vibarua kusini, ndipo mji wenu, wewe na dada, ukatolewa kanda ya kaskazini ukaingizwa ya kusini. Basi. Kanda hiyo haina mkuu, haina mlango wala mlinzi. Ni ya kuhesabia tu.

Dada alizoea kunitania kwamba nililipwa maisha yangu yote kuchora mistari ambayo hata mbuzi hawaioni. Nilikuwa nacheka. Sikujua kwamba yeye ameanza kuiona.

Binti yake amenisimulia baada ya mazishi kwamba uvimbe wa titi waliugundua mapema. Alipombembeleza mama yake waende hospitali ya ng'ambo ya daraja, dada alimjibu kwamba ile sasa ni ya watu wa kaskazini, naye hana umri wa kufukuzwa mlangoni kama mdokozi. Akangoja nafasi katika hospitali ya kusini, safari ya kutwa nzima. Binti alitaka kunipigia simu aniulize. Mama yake akamkataza, eti kaka amechoka na mambo ya ofisi, aachwe apumzike. Nafasi ilipopatikana, ugonjwa ulikuwa umeshaenea.

Angeniuliza, mdogo wangu, ningemjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa shemeji ananiambia kwamba nawe unakohoa damu, na unangoja nafasi huko huko kusini, kwa sababu ile ile.

Wape watoto salamu za baba yao mkubwa. Mpwa wetu huyo, binti wa dada, anayekuletea barua hii amekuja na gari. Usikae kunijibu. Vaa viatu, vuka daraja naye leo hii, umwonyeshe daktari kifua chako.

Ni mimi kaka yako,
uliyebaki naye