Kadi ya Ange

Baba Ange,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Akiamka mnyweshe, mvishe kofia, kisha mlete kwangu kliniki akapimwe uzito. Upange foleni kama wengine.

Asubuhi nimeikuta kadi yake chini ya gunia la maharage. Miezi mitatu hajapimwa. Na mimi, nesi wa mizani, juzi nimemgombeza mama mmoja wa Munanila kwa kuruka mwezi mmoja tu, mpaka akalia.

Mkifika nitakugombeza na wewe mbele ya watu, ndivyo walivyonizoea. ~~Inamisha kichwa tu, yaishe.~~ Hapana. Nikimaliza, sema kwa sauti kwamba mama wa mtoto huyu ni mimi. Yule wa Munanila anarudi leo, naye asikie.

Mama Ange