Koti Analoliomba Wachira

Nyeri, shuleni

Kwa Kaka Zakaria, na kwenu nyote mtakaoketi kwa Mama Jumapili baada ya ibada, barua hii ikisomwa,

Nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Mama, lile goti lako linalovimba mvua zikianza linaendeleaje? Mimi ni mzima. Mlima umejificha kwenye ukungu, na asubuhi vidole hukataa kushika chaki. Lakini nakula, nalala, na mlango naufunga mapema kama Hali ya Hatari inavyotuamuru.

Mliniuliza habari ya masomo ya udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Niwaeleze kwa utulivu, asije mtu akawaambia kwamba sikujitahidi. Baraza la wilaya husomesha watoto wa wilaya yake tu. Hapa Nyeri mimi ni mgeni, na lile la kwetu lilinijibu kwamba limechoka na watu wanaotaka kusoma mpaka waote mvi. Serikali ya India huwapokea wanafunzi wetu, ila kwa elimu ya udongo haikuwa na nafasi. Ukabaki ufadhili wa serikali ya koloni, wa kwenda Uingereza, nao ni wa mtu mmoja. Tuliomba wawili kutoka shule hii. Akapewa Wachira. Mimi nikawekwa wa pili, yaani nitakwenda iwapo yeye atazuiwa.

Wachira ni yule mwalimu mwenzangu niliyesoma naye Uganda. Mimi ndiye niliyemfundisha kupima uchachu wa udongo. Mwandiko wake ni kama kuku amepita. Lakini yeye akisema neno la kawaida, wakubwa hutikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikisema la maana, huniuliza ni saa ngapi. Namwonea wivu, ndugu zangu. Nalisema wazi kwa kuwa mnanijua, na kwa kuwa wivu uliofunikwa hunuka kuliko ulioanikwa.

Sasa sikilizeni. Siku hizi Mkikuyu kama Wachira hatoki wilayani bila kibali, na kwa safari kubwa kama hii Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka mtu asiye Mkikuyu asimame barazani na kusema mbele ya watu kama anaaminika. Nani akaitwa? Mimi.

Baraza lilikuwa Mukurweini, kwao Wachira, kando ya handaki linalozunguka kijiji walichohamishiwa. Langoni palikuwa na askari wa kwetu, Mutange, akanivuta pembeni na kusema nami kwa lugha ya nyumbani.

"Mwalimu, uongo usiseme. Kohoa tu. Hawa wakubwa wakisikia shahidi amekohoa kabla ya kujibu, wanajua kuna jambo. Kohoa mara moja, na safari ni yako."

"Na wewe utapata nini?"

"Nitajisifu baa kwamba ninamjua daktari."

Kabla sijamjibu, mama yake Wachira akanijia, jembe begani, ametoka kwenye kazi ya kulazimishwa.

"Mwarimu, ati ni wewe utasema maneno ya kijana yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi sema vile umeona. Usiongeze sukari."

Nikaitwa mbele. Bwana Shauri akauliza, "Huyu ni mtu wa kuaminika?" Na papo hapo, kwa ile baridi, kikohozi cha kweli kikanipanda kooni. Nilimwona Mutange akitabasamu. Nikakaza taya, nikakimeza, kikapanda tena, nikakimeza tena, mpaka machozi yakanitiririka. "Anaaminika," nikasema. "Nimekaa naye chumba kimoja miaka yote ya chuo." Watu wakadhani ninalia kwa upendo. Akina mama wakaguna kwa huruma. Wachira akanikumbatia akaning'ang'ania, nami nilikuwa nikitafuta tu mahali pa kukohoa. Hatimaye nilikohoa nyuma ya banda la maziwa, peke yangu, pale ambapo kikohozi hakikumfaa mtu.

Kibali akapewa. Jana akaja nyumbani kwangu, akaketi, akatazama ukutani.

"Ndugu yangu, huko wanasema baridi inauma mpaka mfupa. Nisaidie lile koti lako."

Ni lile koti la sufu, Kaka, ulilonivika Kisumu siku ya kupanda garimoshi, ukasema si langu bali ni la nyumba yetu, mimi ninalivaa tu. Kila nikilitazama pale msumarini hujiona nimelivaa bandarini Uingereza. Neno niliweza kumpa, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Koti limenishinda. Nikamwambia nyumba sharti iketi kwanza, na yeye, kwa upole wake unaoniudhi, akasema atangoja.

Basi ketini. Msalimieni Shangazi aliyelishonea vifungo, naye aulizwe maoni yake. Msalimieni shemeji mpishi wa misheni, dada yetu wa mwisho, na Mjomba mhubiri. Mkiamua apewe, nitalipiga pasi na kumkabidhi kwa mikono miwili. Anaondoka mwezi mpya ukionekana, na barua za kutoka huko kwetu hukawia njiani. Mimi sina haraka. Jadilini vizuri, asikatizwe mtu. Hata Mjomba, mwacheni ahubiri mpaka atakapomaliza mwenyewe.

Ni mimi mdogo wenu, ambaye koti bado liko msumarini pake,
Elisha