Mama Anamwaga Zege Jumamosi

Mama Zulmira, shikamoo, nakuomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ndiye ninayemwandalia majibu Daktari Evaldo, mgombea umeya wa mji wetu, yaani yale anayoyasema redioni kwenye mdahalo yametoka kichwani mwangu, na kazi naiweza, kwa sababu hapa ukimtaja mpinzani kwa ubaya anapewa dakika nzima ya kujitetea, kwa hiyo nimemfundisha asitaje mtu, asitaje tarehe, asitaje mtaa, na akibanwa aseme "suala hili tunalitazama kwa umakini mkubwa", na watu wanampigia makofi. Sasa Jumatatu mtangazaji akamkazia, "Daktari, nyumba za kilima cha Pedreira zinabaki au zinaondolewa?" naye akajibu vile vile nilivyomwandikia, "Hakuna familia ya Pedreira itakayoachwa nyuma."

Mama yangu anaishi Pedreira. Mdahalo haujaisha akanipigia simu, analia kwa furaha, "Umesikia, mwanangu? Tunabaki! Namwaga zege!" na unajua kwetu zege la dari lilivyo, miaka yote anadunduliza ili dada yangu apate kujenga juu yake, basi kashaita majirani wote waje Jumamosi kusaidia kumwaga na kula, kumpadre Tonho, msimamizi wa ubatizo wa dada yangu, analeta mashine ya kuchanganyia, masikio ya nguruwe ya kupikia maharage meusi yameshanunuliwa. Na huyo Tonho kasikia jibu lile lile akaelewa kwamba wanahamishwa wote wapewe nyumba mpya, ila anakuja hivyo hivyo, kwa sababu sufuria la mama halikataliwi.

Kinachoniua ni kwamba tukiwa garini kurudi, Daktari alisema, "Pedreira wote lazima watoke kabla ya mvua kubwa, zile nyumba zitabomolewa. Lakini tukilisema leo, kura za kilima zote zinakwenda kwa mpinzani wetu. Kaa kimya, Ivonete." Wahandisi walishamweleza kuhusu changamoto ya udongo. Nikimwambia mama, mtaa mzima utajua kabla kahawa haijapoa, na mimi kazi sina. Nikinyamaza, anamwaga zege. Alhamisi kuna mdahalo wa mwisho na swali litarudi. Nimfikishieje mama taarifa hii kwa namna isiyoleta taharuki?

Ivonete

*

Marahaba, Ivonete.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema kilima kinaporomoka. Sijapaona. "Changamoto ya udongo"! Ala! Maneno ya kazini yamekukaa mdomoni mpaka unayatumia kwa roho ya mama yako mzazi? Na taharuki unayoiogopa ni ipi? Ya watu kukimbia kilima kinachoanguka? Wacha wakimbie, mwanangu.

Pole, lakini. Najua kazi ya ofisini kwenye mji mdogo haipatikani hivi hivi, na sikulaumu kwa kumfundisha mtu kukwepa mitego. Mgombea ambaye hajui, au hajaamua, akisema "tunalitazama", mimi namheshimu; afadhali huyo kuliko anayeahidi daraja kila kona. Ila bosi wako anajua, na ameshaamua. Anachokificha ni uamuzi, na wewe umemfumia pazia la kuufichia. Usiseme mama yako alielewa vibaya. Mliliandaa jibu ambalo kila mtu angesikia anachokitaka, naye akasikia anachokitaka. Lilifanya kazi yake barabara.

Tena fikiri: zege bichi, juu ya ukuta, juu ya udongo unaoteleza, na majirani wote wako chini yake wanakula.

Sasa sikiliza. Nenda kwa mama leo, usipige simu. Mwambie wahandisi wamesema nini na Daktari amesema nini. Atalia, atakutukana, pengine atakufukuza nyumbani. Vumilia, umelipata ulilolitafuta. Wale walioitwa Jumamosi wasikatazwe kuja. Waje na mikono yao wabebe friji, kitanda na mabati.

Kisha nenda kwa Daktari, umwambie umeshasema. Mpe jibu la Alhamisi: "Pedreira si salama, mtahama kabla ya mvua, na nitawaambia mnahamia wapi." Hapo hajamtukana mtu, kwa hiyo mpinzani hapati dakika yake. Kura atapoteza. Nami nimeona watu wengi wakimsamehe mwanasiasa aliyewaudhi, na sijaona hata mmoja akipigiwa kura na mtu aliyefukiwa. Akikataa, mwachie kazi yake na umwache mama atangaze. Kwa jinsi ulivyomwelezea, kwa kueneza habari redio haimfikii.

Barua hii ukiimaliza, vaa viatu. Njiani utaanza kutunga utakavyomwanza kwa upole, nakujua. Usitunge. Akifungua mlango mwambie, "Mama, toka."