Modemu Imenishinda, na Darasa la Sita Wananisubiri

Jumatano, Kabambare. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimejichoka mwenyewe.

Naandika haya kwenye kompyuta ileile iliyonishinda. Yataingia kwenye blogu siku nitakapofika mjini Kasongo kwenye mtandao, kama bado nitakuwa na uso wa kuwaonyesha watu.

Kesho adhuhuri ndiyo mwisho wa kutuma majina na picha za wanafunzi wetu wa darasa la sita kwa ajili ya mtihani wa taifa. Asiyekuwa kwenye orodha hafanyi mtihani. Mdogo wangu Furaha yumo. Mwaka jana hakuufanya, kwa sababu siku zile tulikuwa msituni tukikimbia risasi.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alinikabidhi kazi hii mimi mwalimu wa hesabu. Nina kompyuta, na nina modemu: kijiti cha USB chenye laini ya simu ndani, kinachopiga namba mpaka mtandao uitike. Simu zetu hapa ni za kuongea tu.

Modemu ilikuwa inafanya kazi. Lazima niliandike hilo.

Ilifanya kazi mpaka mwezi uliopita, nilipoufuta mfumo wa zamani uliojaa virusi, nikaweka Linux. Niliwatambia walimu wenzangu kwamba huu ni mfumo huru, hauugui. Kweli hauugui. Ila modemu hauitambui, unadhani ni diski ya CD. Inahitaji paketi, yaani programu ndogo ya kuiamsha, na paketi iko kwenye mtandao, na mtandao bila modemu siupati. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Basi wiki iliyopita nikafanya kama tunavyofanya sote huku. Nilimpa motari, dereva wa pikipiki aendaye Kasongo, flash pamoja na karatasi yenye jina la paketi, amfikishie rafiki yangu mwenye duka la mtandao. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Leo asubuhi amefika, matope mpaka kwenye nyusi, flash kaifunga vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

Paketi ni ya mashine za biti 64. Yangu ni kuukuu, ya biti 32, na haviingiliani. Kwenye karatasi sikuandika hilo. Rafiki yangu hana kosa.

Nimejaribu mchana kutwa. Mara moja taa ya modemu ilipepesa, kisha ikazimika. Prefe akachungulia dirishani: "Mwalimu, ile kazi iko inaenda?" Nikamwambia iko karibu. Nimemdanganya mtu mzima.

Jioni Furaha ameniletea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akakaa, akaniangalia, akauliza bila hasira yoyote, akiniita yaya kama wadogo huku wanavyowaita wakubwa wao:

"Yaya, ile flash yenye ulituma Kasongo, juu ya nini haukutia majina yetu mule ndani?"

Nikaifungua tena folda yenye majina yao.

Majina na picha vilikuwa tayari kabla motari hajaondoka, humu humu kwenye mashine. Rafiki yangu angevituma siku ileile. Lakini flash ilikwenda tupu, siku mbili kwenye matope, kwa sababu nilitaka vitoke hapa, kwa mkono wangu, watu waseme mwalimu ameweza.

Kesho kabla ya kengele nitamwambia Prefe ukweli wote.

Furaha ameuliza kama aendelee kusoma. Nimemwambia aendelee. Sasa hivi namsikia chumba cha pili akisoma kwa sauti, na ninajiuliza: nitaingiaje humo kumwambia aache?