Kanzu ya Yustina

Jumapili, 3 Mei 1998
Baba Elisha, kiongozi wetu, katangaza tena baada ya ibada kwamba mdogo wangu Yustina yuko Msumbiji anahubiri, anatusalimu sote. Wote amina! Mimi nikakohoa. Miezi miwili hata barua hakuna – Yustina huyu, aliyekuwa akiniandikia hata kuku wake akitaga! Ukiuliza, unaambiwa una upungufu wa imani. Haya. Nimepungukiwa.

Jumanne, 5 Mei
Zamu yangu ya kufua. Kwetu Watu wa Alfajiri hakuna anayefua kanzu yake, unafuliwa na mwenzio – ndiyo unyenyekevu. Mgongo wangu jamani!
Sokoni nimemkuta Chande, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu kwenda Msumbiji pale Kilambo. Anasema mto umefurika tangu Februari, hajavusha mtu. Yustina kaondoka Machi. Kapita wapi?

Jumatano, 6 Mei
Katika furushi la Mama Raheli, mke wa Baba Elisha, nimekuta kanzu ya Yustina. Ina ule uzi wa kijani shingoni, niliutia mwenyewe. Chafu! Jasho la juzi, si la miezi miwili. Na kifuani madoa mawili, yamekauka, magumu kama wanga. Nimenyonyesha wawili, wako kwa bibi yao Masasi, najua ninachokiona. Ni maziwa.
Yu hai. Yuko hapa hapa karibu. Na kajifungua, mdogo wangu asiye na mume! Nimelia juu ya beseni, kwa furaha na kwa hasira.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeficha karatasi ndani ya upindo wa kanzu, nikashona kwa mkono: uko wapi? Mama Raheli kachukua furushi bila kunitazama.

Jumamosi, 9 Mei
Kanzu imerudi. Karatasi haimo. Upindo umeshonwa upya – kwa cherehani. Cherehani tunayo moja tu, ya Mama Raheli. Nimekwisha!

Jumapili, 10 Mei
Baba Elisha katangaza: Roho kaniita na mimi Msumbiji. Kesho. Wote amina!
Naogopa, Mungu wangu. Nimewaza kukimbilia Masasi. Lakini alikofichwa Yustina huenda ndiko nitakakopelekwa. Nimefungasha kanzu, wembe, mbeleko.
Mama Raheli kaja kukagua mzigo, mumewe kasimama mlangoni. Kaiona mbeleko. Kanitazama. Kaikunja upya, kaifukia chini ya kanzu, kaninong'oneza: ni wa kike.
Kisha kamwambia mumewe mzigo uko sawa.